Jinsi ya kuipokea ngano ya Ukraine Kilindini wakati vita havijaisha

Jumamosi ya tarehe 26 Novemba 2022 meli iitwayo Eaubonne ilifunga gati Kilindini, bandari ya Mombasa, ikiwa na zaidi ya tani 50,000 za ngano iliyopakiwa Chornomorsk, Ukraine. Siku hiyohiyo, kule Kyiv, Rais Volodymyr Zelenskyy alikuwa akizindua mpango wa msaada unaoitwa Nafaka kutoka Ukraine. Habari hizo mbili zilifika Mombasa kwa pamoja, watu wakazifanya moja. Kufikia Jumatatu nilikuwa nimepigiwa simu na wafanyabiashara wanne, mmoja wao mwenye kinu kidogo Changamwe, wote swali lao moja: "Hiyo ngano ya bure inagawiwa wapi?"

Mimi ni wakala wa forodha. Ofisi yangu iko Shimanzi, chumba kimoja chenye baraza, na kazi hii niliianza zamani za kubeba makaratasi mkononi kutoka dirisha hadi dirisha. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya yule mwenye kinu na wenzake, watu wenye mtaji wa kununua tani 500 au 1,000 ndani ya meli ya mtu mwingine. Wanaoleta meli nzima wana mawakili wao. Hawa hawana, na mambo yakichafuka huko Bahari Nyeusi wao ndio huzama kwanza.

Jua kwanza kama ni msaada au ni biashara

Ngano ya Eaubonne ilikuja chini ya mkataba uliotiwa saini Istanbul tarehe 22 Julai 2022, Umoja wa Mataifa na Uturuki wakiwa katikati, Ukraine na Urusi kila mmoja akisaini upande wake. Mkataba ule ulifungua bandari tatu: Odesa, Chornomorsk na Pivdennyi. Meli zilikaguliwa Istanbul zikienda na zikirudi. Nafaka nyingi iliyopita njia hiyo iliuzwa kwa bei ya soko kama nafaka nyingine yoyote.

Msaada una njia yake. Nchi wafadhili hutoa pesa, nafaka hununuliwa Ukraine, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, huisafirisha na kuigawa. Agosti 2022, hata kabla mpango wa Zelenskyy haujazinduliwa, meli ya Brave Commander iliondoka Pivdennyi na tani 23,000 za ngano za WFP zilizoshushwa Djibouti kwa ajili ya Ethiopia. Septemba 2023 Rais Ruto na Rais Zelenskyy walikutana New York na kukatangazwa nia ya kuweka kituo cha nafaka za Ukraine hapa bandarini Mombasa. Simu zangu zikaanza upya.

Kwa hiyo fungua hati ya shehena uangalie jina la mpokeaji. Akiwa ni shirika la msaada, shehena hiyo imesamehewa ushuru kwa sababu ya kazi yake, na hakuna kilo hata moja unayoweza kuuziwa kihalali. Mtu akikujia na bei ya kutupa akidai ni "mabaki ya msaada", usimsikilize. Utapoteza mzigo, utapoteza leseni, na utakuwa umekula chakula cha mwenye njaa wa Turkana.

Mkataba: hapa ndipo watu huumia

Nitakieleza kilichotupata, maana ndicho kilichonifundisha.

Juni 2023 yule bwana wa Changamwe alinunua tani 800 ndani ya meli iliyokuwa ipakie Chornomorsk nusu ya pili ya Julai. Akalipa asilimia 20. Mimi niliupitia mkataba na kumwambia uko sawa. Tarehe 17 Julai Urusi ikajitoa katika makubaliano ya Istanbul. Siku mbili baadaye bandari ya Chornomorsk ikapigwa, na Ukraine ikasema tani 60,000 hivi za nafaka zimeharibiwa pale. Muuzaji akatuandikia kwamba mzigo hautapakiwa, na kama tunautaka atautoa kupitia Mto Danube kwa nauli ya juu zaidi. Mkataba wetu ulikuwa umetaja bandari moja tu.

Mteja wangu akanituliza: "Lakini ndugu, si tuna bima ya vita?" Usiku ule niliketi barazani na taa ya simu nikaisoma bima neno kwa neno. Bima ya vita ya shehena huanza mzigo ukishaingia melini. Ngano iliyo ghalani, juu ya nchi kavu, hata kama ghala liko hatua kumi kutoka gatini, haimo. Ilichukua miezi saba kurudishiwa zile asilimia 20, na gharama zilikatwa. Kinu chake kilisimama wiki tatu, na vijana sita wakakaa nyumbani bila ujira.

Tangu siku ile hakuna mkataba wa Bahari Nyeusi unaotoka ofisini kwangu bila mambo yafuatayo.

Bandari zitajwe zaidi ya moja. Andika Odesa, Chornomorsk au Pivdennyi, kisha Izmail na Reni za Mto Danube, kisha Constanta ya Romania. Kando ya kila moja andika tofauti ya nauli mliyokubaliana kabla. Danube kina chake ni kidogo, hupakia meli ndogo, na mara nyingi mzigo huhamishiwa meli kubwa Constanta. Hiyo ni gharama mbili na siku zaidi, na ni heri uzijue leo kuliko kuambiwa baada ya bomu.

Tangu Agosti 2023 Ukraine ina njia yake yenyewe ya baharini, inayopita kando ya pwani za Romania na Bulgaria. Meli ya kwanza kuipita ilikuwa Joseph Schulte, tarehe 16 Agosti. Mkataba ambao bado unataja ukaguzi wa Istanbul kama sharti umenakiliwa kutoka faili la zamani. Urudishe.

Zipo pia bandari za kukataa moja kwa moja. Sevastopol imefungwa na serikali ya Ukraine tangu 2014, na Aprili 2022 ikafunga Berdyansk, Mariupol, Skadovsk na Kherson. Ngano inayopakiwa katika bandari zilizotekwa ina wenyewe, na wakulima waliolima shamba lile huenda hawakulipwa kitu. Mwaka 2022 Marekani ilizitahadharisha nchi kadhaa, nyingi za Afrika, juu ya nafaka ya namna hiyo. Mimi siigusi, hata bei iwe nusu.

Bima yenyewe, sheria ya Kenya tangu Januari 2017 inamtaka mwagizaji aikate kwa kampuni ya humu nchini. Kwa hiyo nunua kwa bei ya ngano na nauli, bima ukate mwenyewe hapa. Mwambie wakala wa bima kwa maandishi kwamba unataka kinga ya vita kwa Bahari Nyeusi na kwa Bahari ya Shamu pia, kwa sababu Novemba 2023 wapiganaji wa Kihouthi wa Yemen walianza kushambulia meli upande wa Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa bahari hiyo. Muulize inaisha lini. Kwa masharti ya kawaida kinga ya vita hukoma mzigo ukishushwa, au siku 15 baada ya meli kufika bandari ya mwisho, lolote litakalotangulia.

Na malipo ya awali yakae benki mpaka hati ya shehena isainiwe kuonyesha kwamba ngano imo ndani ya meli. Muuzaji akikataa, mtafute mwingine. Mikataba mingi ya nafaka hufuata fomu za GAFTA, chama cha kimataifa cha wafanyabiashara wa nafaka, na ugomvi wake huamuliwa London. Mtu wa tani 800 hana nauli ya kwenda kugombana London.

Vibali

Hapa nitapita haraka, maana hakuna vita ndani yake, ni mpangilio tu. Kibali cha kuingiza mazao cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, kipatikane kabla ngano haijapakiwa, siyo meli ikiwa njiani. Cheti cha afya ya mimea cha Ukraine kifuatane na mzigo. Cheti cha ubora kinachotambuliwa na KEBS, shirika la viwango, na fomu ya tamko la uagizaji, vyote huombwa kwenye KenTrade, mfumo wa serikali wa kuombea vibali vyote mahali pamoja, kisha entri ya forodha huwekwa kwenye mfumo wa KRA, mamlaka ya ushuru. Ushuru wa kawaida wa ngano Afrika Mashariki ni asilimia 35. Viwanda vya kusaga vilivyotangazwa katika Gazeti Rasmi hulipa asilimia 10. Kama jina lako halimo kwenye Gazeti Rasmi la mwaka huo, nunua kupitia kiwanda kilichomo, vinginevyo hesabu yako haitasimama. Serikali pia hutaka wasagaji wanunue kwanza ngano ya wakulima wetu wa Narok na Uasin Gishu, na mimi naona ni haki.

Kuifuata meli

Omba namba ya IMO, ile namba ya kimataifa ya kuitambulisha meli. Ni tarakimu saba, na haibadiliki hata meli ibadilishwe jina mara tano. Kwa namba hiyo utaitazama meli kwenye simu yako. Lakini usipatwe na kiwewe ukiiona imepotea karibu na Odesa, au imejitokeza juu ya nchi kavu. Mawimbi ya setilaiti huvurugwa sana eneo la vita, na manahodha wengine kwa usalama huzima mtambo unaoonyesha meli iko wapi. Cha kukutia shaka ni meli inayosema imepakia Odesa lakini ikapotea upande wa Crimea na kutokea tena imejaa.

Ikishavuka Bosphorus, mlango-bahari wa Istanbul, alama yake hutulia. Kupitia Suez ni wiki mbili na ushei mpaka Mombasa kama hakuna foleni. Ikiikwepa Bahari ya Shamu, ikakunja kushoto kutokea Gibraltar na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, hesabu zaidi ya mwezi. Tofauti hiyo ndiyo ya kumwambia mwenye kinu mapema, ili asiahidi unga asioweza kuutoa. Mamlaka ya Bandari, KPA, hutoa orodha ya meli zinazotarajiwa ndani ya siku 14. Itazame kila asubuhi, jina la meli yako likitokea anza kutafuta malori.

Nangani

Meli ikifika haiingii moja kwa moja. Hutia nanga nje, ikingoja rubani wa bandari wa kuiongoza, na gati. Nahodha hutoa taarifa kwamba yuko tayari, na kuanzia hapo saa inahesabiwa. Muda uliokubaliwa ukipita, kila siku ya ziada ina faini, ile demareji, na faini hiyo itagawiwa mpaka ikufikie wewe wa tani 800.

Angalia na kalenda. Ngano haishushwi mvuani. Wingu likitanda upande wa Likoni, msimamizi hupiga filimbi na vifuniko vya ngama, lile tumbo la meli lenye mzigo, vinafungwa, watu wanajibanza, saa mbili zinapotea. Masika ya Aprili na Mei hali hiyo hurudi mara tatu kwa siku. Hakikisha mkataba unasema muda wa mvua hauhesabiwi. Na ukumbuke zile siku 15 za bima: meli ikikaa sana nangani, mpigie wakala wa bima kabla ya siku ya kumi.

Siku ya kushusha

Kabla ya kijiko cha kreni kuingia ngamani, uzito wa shehena husomwa kwenye ubavu wa meli. Nenda, hata kama umemlipa mkaguzi. Mtapanda mashua alfajiri, bahari ikiwa imelala, mkaizunguke meli. Kuna alama sita za kina: mbele, katikati na nyuma, kila upande. Maji hupanda na kushuka juu ya tarakimu zilizopigwa rangi nyeupe. Mkaguzi hungoja, hutazama wimbi la juu, hutazama la chini, huchukua katikati, huandika. Kisha huteremsha chupa kuchota maji na kupima uzito wake kwa kipimo cha kioo.

Maji hayo yana maana kubwa. Bahari Nyeusi chumvi yake ni karibu nusu ya chumvi ya bahari yetu, kwa hiyo meli iliyopakia Odesa huelea juu zaidi ikifika Kilindini, bila kupungukiwa hata na punje. Nilishamwona mnunuzi akipiga kelele gatini kwamba ameibiwa kwa sababu ya tofauti hiyo. Mkaguzi aliyesomea kazi huisahihisha kwenye hesabu.

Upungufu wa kweli nao upo, na hapa kuna mtego. Ngano ya wanunuzi wote imo ngamani pamoja, haina alama ya mtu. Tuseme meli ya tani 50,000 imepungua nusu asilimia, yaani tani 250. Kama mkataba unasema upungufu ugawanywe kwa uwiano, wewe mwenye tani 800 unapoteza tani 4. Kama hausemi, anayechukua wa mwisho ndiye anayekuta ngama tupu. Mdogo huwa wa mwisho. Sentensi hiyo moja iandikwe.

Sampuli zichukuliwe kila ngama, juu, katikati na chini, zichanganywe, zigawanywe mafungu matatu na kutiwa lakiri: lako, la muuzaji, la kusuluhishia. Mimi kabla ya maabara huchukua kiganja nikanusa. Uvundo haufichiki. Natazama fukusi. Kisha natia punje mdomoni na kutafuna taratibu mpaka ziwe kama ubani. Zikishikana na kuvutika, ngano ina nguvu ya mkate. Zikiyeyuka zikawa uji, hiyo ni ya biskuti. Maabara atakupa tarakimu: ngano nyingi ya Ukraine huuzwa kwa protini ya asilimia 11.5, na unyevu mimi napenda usipite 13.

Kipimo changu cha mwisho kiko Kibokoni. Dada yangu anakaanga mahamri pale tangu sijaoa. Mwaka 2022 unga wa kilo 2 ulipokaribia shilingi 200 alikataa kupandisha bei kwa watoto wa madrasa, akapunguza ukubwa wa hamri mpaka akaona haya, akarudisha. Kila mzigo ukishasagwa nampelekea kilo mbili. Anakanda kwa tui, anafunika, asubuhi ananiambia kama donge limeumuka au limelala. Yule bwana wa Changamwe siku hizi humpigia yeye kabla ya kunipigia mimi.

Jambo moja usilifanyie mzaha. Ngano ya safari ndefu hutiwa dawa ya fosfini ndani ya ngama ili kuua wadudu. Gesi hiyo huua na watu. Ikifika pua yako ishakudhuru, kwa hiyo usitegemee harufu. Mtu yeyote, awe kuli, karani au wewe mwenye mali, asishuke ngamani mpaka mtaalamu apime na kutoa cheti kwamba ni salama. Makuli wetu hulipwa kwa siku na wana haraka ya kuanza. Wewe uwe ndiye wa kuwazuia.

Kisha malori. Kwa tani 28 kila lori, tani 800 ni safari 29. Karani wa tali, yule wa kuhesabu mzigo, aandike namba ya lori, lakiri na uzito wa mizani, na nakala moja ibaki kwako kila jioni, siyo mwisho wa wiki.

Kama unataka kazi ya msaada

Ngano ya msaada haiuzwi, lakini inahitaji mikono: kutia magunia, ghala, malori ya kwenda kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab, hata Sudan Kusini. Hii ni biashara halali kabisa. Na mizigo ya msaada haitoki Ukraine peke yake. Mei 2023 Kenya ilikabidhiwa karibu tani 34,000 za mbolea iliyotolewa na kampuni ya Kirusi, nayo ikapita Kilindini hiihii. Kwa mwenye lori, pande zote mbili za vita ni gunia la kufikisha kavu.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa hupokea watoa huduma kupitia tovuti yao ya manunuzi, UNGM, na kujiandikisha ngazi ya kwanza ni bure. Anayekuomba pesa akuandikishe ni tapeli. Andaa cheti cha kampuni, cheti cha kutodaiwa kodi, bima ya mizigo na orodha ya malori yenye logibuku zake. Zabuni ya usafiri huangalia rekodi, kwa hiyo anza kwa kukodishwa na msafirishaji mkubwa msimu mmoja au miwili.

Kila lori liwe na turubai mbili, moja chini na moja juu. Dereva na taniboi wahesabu magunia wenyewe wakati wa kupakia, wasikubali namba ya kuambiwa. Wakifika, hati ya safari isainiwe na kupigwa muhuri pamoja na idadi ya magunia yaliyopokewa na yaliyochanika. Bila karatasi hiyo halisi hulipwi, na picha ya simu haitoshi. Madereva wengi huichomeka juu ya kioo, jua la Turkana likaifuta wino. Mimi huwapa mfuko wa nailoni wenye kufungika, na huwaambia waiweke chini ya godoro la kitanda cha kebini mpaka waipite mizani ya Mariakani wakirudi nyumbani.